Kuchagua hendreli ya ngazi za nyumbani Mtwara na Lindi: mwongozo kamili

Malalamiko ninayoletewa kuhusu hendreli, yaani bomba au ubao wa kushikilia ngazini, ni yale yale. Imefungwa mwaka jana, sasa inatoa kutu. Inatikisika. Bibi anapanda ghorofani huku anapapasa ukuta, kwa sababu bomba lenyewe ni nene mno na haliingii kiganjani mwake. Na wengi wakitaka kurekebisha wanarudi njia ile ile: wanakwenda karakana, wanaoneshwa picha kwenye simu, wanachagua lile ua lililowapendeza.

Mimi naanza na kiganja. Kinafuata umbali wa nyumba kutoka baharini, halafu mahali pa kuikazia. Maua na rangi ni mambo ya mwisho, na hayo sitakusaidia.

Vitu vya kuandaa

- Tepu ya mita 5 na uzi wa mwashi
- Pima maji na timazi
- Chaki, karatasi na kalamu
- Kipande cha mbao kilichonyooka cha urefu wa mita 1
- Kibao kilichokatwa kwa upana wa sentimita 10 kamili
- Vipande vya masalio kutoka karakana: bomba la duara la unene tofauti, na ubao uliorandwa. Omba, mafundi wengi hukupa bure
- Sumaku ndogo. Ya spika mbovu inafaa
- Mtu mzima kuliko wote nyumbani na mtoto mdogo kuliko wote. Si mzaha, kimo cha hendreli kitatokana nao

Hatua ya 1: Pima ngazi ilivyojengwa, si ilivyochorwa

Ramani inasema vidato vyote viko sawa. Ukishika tepu mkononi utakuta kingine sentimita 16, cha juu yake 19. Pima kila kidato: kimo chake, na upana wa mahali pa kukanyagia. Kwa nyumba ya kuishi, kimo kati ya sentimita 15 na 18 na ukanyagio wa sentimita 27 hadi 30 hupandika bila shida.

Ukikuta kidato kimemzidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 1, kirekebishe kwa plasta au kwa vigae kabla ya kufikiria hendreli. Mguu hukariri kimo cha kidato cha kwanza na cha pili, kisha hushuka kwa mazoea. Hendreli nzuri kuliko zote haitibu kidato kibovu.

Kama vigae bado havijawekwa, ongeza unene wa kigae na udongo wake kwenye hesabu. Vipimo vyote vya mbele vinaanzia kwenye uso uliokamilika. Hapa ndipo hendreli nyingi zinapofupika: fundi alipima kwenye zege tupu, vigae vikaja baadaye vikala sentimita 3.

Sasa tafuta urefu wa bomba. Vuta uzi kutoka ukingo wa kidato cha kwanza hadi ukingo wa sakafu ya juu, upime huo uzi. Au piga hesabu: chukua kimo chote kati ya kingo hizo mbili, na umbali wote wa mlalo. Zidisha kila kimoja kwa chenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Ngazi yenye kimo cha sentimita 255 kati ya kingo na mlalo wa sentimita 420 inakupa karibu sentimita 491. Ongeza sentimita 30 kila mwisho (sababu iko Hatua ya 7), unafika kama mita 5.5. Mabomba mengi huuzwa kwa urefu wa karibu mita 6, kwa hiyo hapo unahitaji moja, si mawili yaliyoungwa.

Umemaliza hatua hii ukiwa na karatasi yenye vipimo vya kila kidato, na urefu wa uzi unaokaribiana na wa hesabu. Vikipishana sana, kuna kidato ulichoruka.

Hatua ya 2: Amua upande na kimo

Kama bajeti inaruhusu hendreli ya upande mmoja tu, iweke upande wa mkono wa kulia wa mtu anayeshuka. Anayepanda akijikwaa huangukia mikono yake mbele. Anayeshuka huenda na ngazi nzima, na watu wengi hutumia mkono wa kulia. Nyumbani mkiwa na mtu aliyepata kiharusi hesabu inabadilika: weka pande zote mbili, maana hendreli iliyo upande wa mkono wake wenye nguvu akishuka itakuwa upande wa mkono dhaifu akipanda.

Kimo hupimwa kwa kusimamisha tepu wima juu ya ukingo wa kidato hadi mgongo wa hendreli. Usiilaze tepu kufuata mteremko, utadanganyika. Vipimo vinavyotumika sana duniani ni kati ya sentimita 86 na 96, na mimi hupendekeza 90 kwa nyumba zetu. Mjaribishe mtu mzima wa nyumbani: asimame kwenye kidato akitazama chini, umshikie ule ubao wa mita moja kwenye kimo cha 90. Kiwiko kikunjike kidogo tu. Akiinua bega ujue umepandisha mno, akiinama ujue umeshusha mno.

Kwenye lendingi, ile sakafu ndogo ya kupumzikia katikati ya ngazi, na ukingo wa wazi wa ghorofani usibaki na 90. Hapo kazi ni kumzuia mtu asipinduke, kwa hiyo panda hadi sentimita 100 au 110.

Mtoto anayeanza kupanda peke yake haifikii ya 90. Mwongezee bomba jembamba la pili kwenye sentimita 60 hadi 70, upande wa ukutani.

Angalia pia upana. Hendreli ikishafungwa, ibaki nafasi ya kutosha kupitisha godoro, kabati na, tusifichane, jeneza. Chini ya sentimita 80 utatukana siku ya kuhama.

Hatua ya 3: Chagua unene kwa kiganja, macho yafumbwe

Mpe kila mtu wa nyumbani vile vipande vya masalio, afumbe macho, akamate kila kimoja kama anayeanguka. Kinachofaa ni kile ambacho kidole gumba na cha kati vinakutana au vinakaribia kukutana upande wa pili. Kwa mikono mingi ni duara la unene wa milimita 32 hadi 50.

Onyo moja limewaponza wengi dukani. Bomba la maji huitwa kwa tundu lake la ndani, si kwa unene wa nje. Bomba la maji la inchi 1¼ lina nje ya karibu milimita 42, la inchi 1½ karibu 48, na la inchi 2 linafika 60. Hilo la mwisho ni nene mno. Lakini bomba la stenlesi la mapambo au la fanicha huitwa kwa unene wa nje, kwa hiyo "inchi 2" yake ni milimita 51 tu. Ukiagiza kwa simu kutoka Dar es Salaam kwa kusema "inchi 2" bila kusema ni bomba gani, unacheza bahati nasibu. Taja milimita za nje.

Skwea paipu ya milimita 50 kwa 50 au ubao mpana wa inchi 3 unapendeza kwenye picha, ila mkono hauwezi kuuzunguka. Unaweza kuegemea tu, na anayeanguka haegemei. Kama umeshaamua mbao pana, mwambie seremala achimbe mfereji pande zote mbili chini ya mgongo, vidole vipate pa kuingia, na kona zote azivunje kwa randa.

Hendreli ya ukutani iache nafasi ya sentimita 4 hadi 5 kati yake na plasta. Ikibana zaidi, vifundo vya vidole vitachubuka. Vishikizo viingie kwa chini, ili mkono uteleze toka juu hadi chini bila kugonga chuma.

Hatua ya 4: Chagua malighafi kwa kuangalia bahari iko wapi

Hapa usikimbie. Hendreli iliyodumu miaka kumi Masasi inaweza kuoza upesi ukiihamishia Shangani ya Mtwara mjini, kando ya bahari, na fundi akawa si mwenye kosa.

Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi. Zikitua kwenye chuma huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma kinakuwa kimelowa hata siku isiyo na mvua. Kusi ikivuma, nyumba za Shangani, Mikindani, za pwani ya Lindi mjini na Kilwa Masoko hupokea chumvi hiyo mfululizo. Ukipanda Newala, au ukiingia Masasi na Nachingwea, chumvi inapungua kabisa na adui anabaki kuwa mvua na jua, na kwa mbao, mchwa.

Jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walione: ngazi ya nje iliyo chini ya paa la baraza huchafuka kwa kutu kuliko iliyo wazi. Iliyo wazi huoshwa na mvua. Iliyofunikwa hupata chumvi ile ile, na hakuna wa kuiosha.

Chuma cha kawaida

Ni rahisi kupatikana, kila mtaa una karakana ya kuchomelea, na kikiharibika kinarekebishika. Kwa ndani ya nyumba kinatosha hata pwani, kwa masharti matatu.

Kwanza, unene wa ukuta wa bomba usipungue milimita 1.5, na nguzo ziwe milimita 2. Bomba jembamba hutobolewa na kuchomelea kwenyewe, kisha linaoza kuanzia ndani. Pili, kila mdomo wa bomba uzibwe kwa kuchomelewa mzunguko mzima, si kwa nukta tatu. Tatu, rangi. Gamba linalobaki juu ya mchomeleo ligongwe na kusuguliwa lote, mafuta yafutwe, rangi ya kuzuia kutu ipigwe siku hiyo hiyo mara mbili, ndipo ije rangi ya mafuta mara mbili. Rangi iliyopigwa juu ya gamba hubanduka pamoja nalo, na kutu za mapema mara nyingi huanzia hapo.

Bomba la zinki, lile la GI

Hili ni bomba la chuma lililopakwa zinki. Kwa ngazi za nje pwani ni hatua moja mbele ya chuma cha kawaida. Tatizo liko kwenye maungio, kwa sababu moto huunguza zinki. Zinki isuguliwe kwanza mahali pa kuchomelea, na baadaye pafunikwe kwa rangi yenye zinki. Fundi asichomelee juu ya zinki chumbani palipofungwa: moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Kazi hiyo ifanyike nje.

Stenlesi

Wengi hulipa pesa nyingi wakiamini neno "stenlesi" linamaanisha halishiki kutu. Aina unazoweza kukutana nazo ni tatu: 201, 304 na 316. Zikiwa mpya zinang'aa sawasawa. 201 ina nikeli kidogo na manganizi nyingi, ni ya bei ya chini, na pwani huanza madoa ya rangi ya chai upesi. 304 inafaa ndani ya nyumba na mbali na bahari. 316 imeongezwa molibdenamu, kama asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayoihimili chumvi. Kwa ngazi ya nje Shangani au Mikindani, kama si 316 basi afadhali ukae na mbao.

Sumaku itakufichulia chuma cha kawaida kilichopakwa mng'aro, kwa sababu itang'ang'ania. Haitakutofautishia 201, 304 na 316. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye bomba lenyewe, na dai aina iandikwe kwenye risiti. Muuzaji anayekataa kuiandika amekujibu.

Uso laini sana hushika chumvi kidogo kuliko uliokwaruzwa. Na mkague fundi: diski ya grainda iliyokwisha kukata chuma cha kawaida isiguse stenlesi yako. Huacha chembe za chuma zinazopata kutu, halafu lawama inaenda kwa bomba.

Mbao

Huku kusini mbao ndiyo chaguo langu la kwanza kwa ndani ya nyumba, na hata kwa nje chini ya paa. Haishughulishwi na chumvi, haichomi mkono saa nane mchana, na miti tunayo. Mninga hausinyai sana unapokauka wala hautanuki sana unapolowa, ndiyo maana maseremala wanaupenda. Mkongo, wengine wanauita mbambakofi, ni mgumu zaidi na unastahimili nje. Mvule na mtiki pia ni wa kuaminika. Vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, wakati wa kupiga msasa vaa barakoa. Usichukue mwembe wala mkorosho kwa sababu tu ulikatwa shambani kwako. Ni laini kwa kazi hii na wadudu wanaupenda.

Kuhusu mpingo: ni mzito kiasi kwamba huzama majini, na vipande virefu vilivyonyooka ni nadra. Uache kwa wachongaji. Ukitaka kichwa cha nguzo ya kwanza kichongwe na Mmakonde anayejua kazi, hapo sawa, nami nitakuja kukiangalia.

Ubao lazima uwe mkavu, unyevu chini ya asilimia 15. Kama seremala hana kipimo, chukua kipande, kipime kwenye mizani ya duka, kiweke ndani ya nyumba wiki moja, ukipime tena. Kikipungua uzito, bado kinakauka, na hendreli yake itapinda baada ya kufungwa. Dai risiti, na uangalie alama ya nyundo ya misitu kwenye mbao. Mbao halali zinazosafirishwa huwa na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Zisizo na karatasi zinaweza kukamatwa hata zikiwa njiani kuja kwako.

Ndani paka vanishi baada ya msasa wa namba 180 hadi 220. Nje usipake vanishi, jua huipasua na maji huingia chini yake. Tumia mafuta ya mbao, urudie kila mwaka.

Alumini haioti kutu nyekundu, ila ni laini, na maungio yake yanataka fundi mwenye mashine yake maalumu. Kioo lazima kiwe kile kilichoimarishwa kwa joto. Kikivunjika kimoja, utasubiri kingine kisafiri. Sina zaidi.

Hatua ya 5: Ziba nafasi za pembeni

Upande wa wazi unahitaji fito kati ya hendreli na ngazi. Sheria ni moja: kile kibao cha sentimita 10 kisipite popote, isipokuwa kwenye pembe tatu za chini karibu na vidato (Hatua ya 9). Mtoto anayeweza kupitisha kiwiliwili kwenye nafasi hubanwa kichwa, akaning'inia.

Hesabu yake si ngumu. Lendingi yenye mita 1.2 kati ya nguzo, kwa fito za milimita 16, inataka fito 10. Sentimita 120 toa 16 za fito, gawa kwa nafasi 11, unapata karibu sentimita 9.5 kila nafasi. Fundi akikuambia 8 zinatosha, nafasi zinafika karibu sentimita 12.

Fito ziwe wima. Mabomba ya mlalo yaliyopangwa sambamba ndiyo mtindo sasa, lakini kwa mtoto wa miaka mitatu hayo ni ngazi nyingine inayopandia nje ya ngazi. Kama nyumba haina watoto wala haitembelewi na wajukuu wakati wa likizo, fanya utakavyo.

Hatua ya 6: Panga ukazaji kabla ya kununua chochote

Kwa nini hendreli hutikisika hata kama bomba ni zito? Chukua nguzo ya sentimita 90 iliyosimama juu ya sahani ya chuma, bolti zikiwa sentimita 8 kutoka ukingo unaokandamizwa. Mtu akisukuma juu kwa nguvu ya kilo 20 tu, bolti za upande wa pili zinavutwa kwa nguvu karibu mara 11 yake, yaani kilo zaidi ya 200. Akiangukia kwa uzito wake wote, piga hesabu mwenyewe. Kwa hiyo sahani ndogo yenye skrubu mbili haitoshi, hata nguzo iwe nene namna gani.

Kwenye zege. Tumia sahani ya sentimita 10 kwa 10, unene wa milimita 8 au zaidi, na bolti nne za kutanuka za milimita 10. Tundu likae angalau sentimita 8 kutoka ukingo wa kidato, vinginevyo bolti ikitanuka itamega kona. Lipite kigae na udongo wake, kisha liingie sentimita 7 ndani ya zege lenyewe. Kigae kitobolewe kwanza kwa keekee ya vigae bila kugongesha, ndipo uwashe kugongesha ukifika kwenye zege. Puliza vumbi lote litoke. Bolti iliyokaa kwenye vumbi haishiki hata ukiikaza hadi nati ilie.

Kidato kikiwa chembamba, funga nguzo ubavuni mwa ngazi. Ngazi inabaki na upana wake, na maji ya kudeki hayatuami kwenye kitako cha nguzo.

Kwenye ukuta wa tofali za saruji. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Bolti ya kutanuka hupasua tofali, na fisha ya plastiki iliyoishia kwenye plasta hutoka na kipande cha plasta. Kama upande wa pili wa ukuta unafikika, pitisha bolti ndefu moja kwa moja na uikaze kwa sahani nyuma. Kama haufikiki, chimba shimo la sentimita 15 kwa 15, weka kishikizo kilichochomelewa kipande cha nondo, jaza zege, subiri angalau siku saba huku ukilimwagia maji. Zege hilo lisichanganywe na mchanga wa ufukweni wala maji ya kisima cha chumvi. Chumvi itaila nondo yako kwa ndani, na utaiona siku ukuta unapopasuka.

Kabla ya kutoboa popote, fuata waya unapopita kutoka swichi hadi taa, na uzime umeme kwenye swichi kuu.

Nguzo za chuma zisiachane zaidi ya mita 1.2. Vishikizo vya ukutani visiachane zaidi ya sentimita 90, na cha mwisho kikae karibu na ncha.

Ukiwa na mchoro wenye kila tundu, na umeweka alama ya chaki kwenye kila mahali bila kugusa waya wala ukingo, ndipo ununue.

Hatua ya 7: Miisho na kona

Hendreli ianze sentimita 30 kabla ya kidato cha kwanza na iishe sentimita 30 baada ya cha mwisho, ikiwa imelala sambamba na sakafu. Mwenye kutembea gizani hujua ngazi imekwisha pale mkono wake unapoacha kuteremka. Ikikatika kwenye kidato cha mwisho, mguu unatafuta kidato ambacho hakipo.

Ncha zote zipindwe ziingie ukutani au zishuke kwenye nguzo. Ncha iliyo wazi hunasa mkono wa baibui, pindo la kanga, mshipi wa mkoba. Unavutwa nyuma ukiwa katikati ya kushuka.

Kwenye kona bomba lipite bila kukatika. Nguzo ndefu inayochomoza juu katikati inamlazimisha mtu kuachia, tena mahali anapogeuka.

Hatua ya 8: Mkabidhi fundi karatasi, si picha

Andika ukurasa mmoja: milimita za nje za bomba, unene wa ukuta wake, aina ya stenlesi au mbao, kimo cha 90 na cha lendingi, nafasi ya fito, ukubwa wa sahani na idadi ya bolti, urefu wa miisho. Kila mmoja abaki na nakala yenye sahihi.

Omba bei mbili tofauti: ya vifaa na ya ufundi. Fundi anayetaja bei "kwa mita" bila kuuliza bomba gani atakuja na jembamba. Vifaa nenda mkanunue pamoja. Malipo yaende kwa mafungu, na fungu la mwisho lisubiri Hatua ya 9. Msimu wa korosho pesa zinapoingia karakana hujaa na kazi hufanywa kwa haraka. Kama unaweza, agiza kabla ya Oktoba.

Kwanza atengeneze nguzo moja na nusu mita ya hendreli, aifunge, uishike. Kusahihisha nguzo moja ni kazi ya asubuhi, kusahihisha kumi na mbili ni ugomvi.

Hatua ya 9: Ijaribu kabla ya kulipa fungu la mwisho

Nguvu. Hendreli inatakiwa ihimili msukumo wa kama kilo 90 mahali popote, upande wowote. Mtu mzima aegemee kwa uzito wake kuelekea ukutani, na avute kwa nguvu kuelekea upande wa wazi huku amesimama salama kwenye kidato. Asijirushe upande wa kuangukia. Rudia kwenye kila nguzo. Ukisikia mlio kwenye kitako, au kigae kikionesha ufa mpya, fundi aifungue.

Ulaini. Pitisha kitambaa chepesi kuanzia juu hadi chini. Kikinasa, pana kinyweleo cha chuma au kibanzi.

Giza. Usiku zima taa, shuka polepole ukifuata mkono peke yake. Siku umeme ukikatika utashuka hivyo hivyo. Mkono usikutane na kizuizi, na ukuambie wapi ngazi imeishia.

Kibao. Pitisha kile cha sentimita 10 kwenye kila nafasi, pamoja na pembe tatu za chini karibu na vidato. Hizo za pembe zinaweza kufika 15, zisizidi.

Hatua ya 10: Matunzo

Aliye karibu na bahari aoshe hendreli ya chuma au stenlesi kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni ya kawaida mara moja kwa mwezi, hasa iliyo chini ya paa, kisha aifute ikauke. Usitumie steliwaya wala dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Na asidi ya kusafishia vigae vipya ni sumu ya stenlesi. Hata mvuke wake unatosha kuitia madoa. Kama vigae vinasafishwa baada ya hendreli kufungwa, funika kila kitu kwa nailoni, ukimaliza mwaga maji mengi.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Ukiisha, pita na spana ukaze kila nati, gusa rangi palipochubuka baada ya kusugua hadi chuma cheupe, na ongeza mafuta kwenye mbao. Doa la kahawia linalorudi kwenye kitako cha nguzo ile ile kila unapolifuta halitoki juu. Fungua sahani uangalie bolti.